Mia na Moja

Miaka mitatu nimehesabu maneno ya watu wasionijua:
jumbe elfu arobaini na moja, mia mbili na sita,
za watu wazima walioacha shule wakiwa na miaka kumi na miwili
na sasa wanaitafuta hesabu kwenye simu,
usiku, watoto wakishalala.
Nimewapanga kama sahani kabatini:
wenye kuuliza, wenye kujibu,
wenye kutuma vicheko, wenye kushukuru tu.
Mvua ya Valdivia inapiga dirisha la maabara
nami nachora duara juu ya duara, mshale juu ya mshale,
nani kamfunza nani kugawanya.

Chini ya jedwali nimeweka kapu la makapi:
"wasiochangia."
Humo yumo mia moja kumi na saba.
Kila somo amelifungua. Kila moja.
Saa kumi na moja na dakika kumi, alfajiri,
hata sikukuu, hata siku tetemeko lilipokata umeme
(siku ile alifungua saa tisa mchana,
kama mtu aliyechelewa ibada).
Neno hajaandika. Hata nukta.

"Mfute," alisema Profesa Oyarzún,
akimenya chungwa juu ya sura yangu ya nne.
"Kimya hakina safu."
Najua kimya kina mshindo,
ila mshindo nao hauna safu.
Sikumfuta. Niliandika barua, akajibu mwanawe:
Mama anasema njoo Jumamosi, zamu yake inaisha saa nane.

Basi, feri, basi jingine,
kisha kilomita mbili za tope nyuma ya Quemchi.
Otilia Millalonco, miaka sitini na mmoja,
mikono yake ina harufu ya samoni wa kiwandani,
sabuni imesalimu amri.
Hakunipa chai kwanza. Alinipa madaftari.
Kumi na tisa,
masomo yamenakiliwa kwa kalamu ya bluu,
pembetatu zimenyooshwa kwa ukingo wa kisu cha minofu.

"Haya tunayasoma chumba cha kubadilishia nguo,
dakika kumi na tano za mapumziko,
glavu zinachuruzika msumarini.
Tulikuwa tisa. Saba wamefaulu mtihani.
Mmoja kahamia Punta Arenas.
Mmoja ni mimi."

Saba.
Nikatafuta kichwani pa kuchorea mishale saba,
nikaona ukurasa unaisha kabla ya wino.

"Mbona hukuandika hata mara moja, mama?
Hukuwa na swali?"
Alicheka hadi akakaa.
"Maswali! Kila nilipoinua kidole
yule Nibaldo wa Calama alikuwa ameshauliza,
tena kijinga kuliko mimi.
Namshukuru sana. Mwambie."

Nikatoa fomu ya ridhaa na muhtasari wa utafiti.
Wengine husaini tu.
Otilia alivaa miwani, akasoma kama anayehesabu chenji,
midomo ikitembea,
akasimama kwenye jedwali la tatu.
"Thelathini na nne. Ishirini na tisa.
Ishirini na moja. Kumi na saba."
Kidole kikashuka hadi chini, pasipo na kitu.
"Asilimia mia na moja, mwanangu."

"Ni kukadiria, mama. Kila nusu tunaipandisha kuwa nzima."

"Kukadiria nakujua. Somo la ishirini na sita."
Akanitazama juu ya miwani.
"Nauliza huyu mmoja aliyezidi
mmemweka wapi."

Alisaini. Akanifungia viazi vya zambarau
kwenye mfuko wa chumvi ya kiwanda,
akalalamikia magoti yake, akanihimiza niwahi feri.

Sura ya nne imerudi toka kwa Profesa
na harufu ya chungwa, na wino mwekundu mahali pamoja:
"Jedwali la tatu. Sahihisha jumla."

Viazi vimeanza kuchipua chini ya meza ya maabara.
Sijasahihisha.